Sokwe wa Lindi na swali lililokosa mwenyewe

Mto Lindi unaingia katika Mto Kongo chini kidogo ya Kisangani, ukiwa umekwisha kuupokea mto Tshopo njiani. Mwaka 1956, mji huu ulipokuwa bado unaitwa Stanleyville, madaktari wa maabara ya tiba ya hapa walifyeka msitu karibu na mto huo wakajenga kambi ya vizimba. Mkuu wa maabara alikuwa Mbelgiji, Ghislain Courtois. Mwenzake wa mbali alikuwa Hilary Koprowski, mtaalamu wa virusi mzaliwa wa Poland aliyehamia Marekani, ambaye mwaka uliofuata alishika uongozi wa taasisi ya Wistar mjini Philadelphia. Wawindaji walitumwa porini kutafuta sokwe wazima. Katika muda wa miaka kama miwili hivi mamia ya sokwe walipitia Lindi, pamoja na bonobo kadhaa wa ng'ambo ya kushoto ya mto mkubwa. Wengi hawakutoka hai.

Wakati ule polio ilikuwa ikitisha dunia nzima, na sokwe ni miongoni mwa wanyama wachache wanaoupata ugonjwa huo karibu sawa na binadamu. Koprowski alikuwa ametengeneza chanjo ya kunywa iliyoitwa CHAT, akitaka kujua kama ni salama na kama inakinga kweli. Sokwe wa Lindi walinyweshwa chanjo, kisha wakapewa virusi vikali, ionekane nani atapooza na nani atasalimika. Haikupita muda chanjo ikatoka vizimbani ikaenda kwa watu. Kati ya Februari na Aprili 1958, katika bonde la Ruzizi, mpakani mwa Kongo na Ruanda-Urundi, watu zaidi ya laki mbili walipanga foleni, wakafungua vinywa, wakatiliwa dawa. Kufikia mwaka 1960 waliokuwa wamepewa chanjo hiyo katika makoloni ya Ubelgiji wanakadiriwa kukaribia milioni moja.

Sina nia ya kuwahukumu madaktari wale kwa sheria za leo, ingawa ruhusa ya wale waliofungua vinywa haikuombwa kwa namna ambayo kamati yoyote ya maadili ingeikubali sasa. Ninachotaka kukitazama ni kitu kidogo zaidi, na kilicholeta hasara ndefu zaidi. Virusi vya chanjo haviwezi kukuzwa hewani. Vinahitaji chembe hai, na siku zile chembe hizo zilitolewa katika figo za kima. Koprowski alisema ni kima wa Asia. Lakini miaka thelathini na kitu baadaye, watu walipouliza daftari linaloonyesha kila fungu la chanjo lilikuzwa katika figo za mnyama gani, daftari lenyewe halikuonekana. Waliokuwa Lindi wote walikuwa watu wa fani moja. Waliandika kile ambacho jarida la tiba lingewauliza, yaani dozi, kinga, idadi. Hapakuwa na mtu pembeni mwenye desturi ya kuuliza maswali ya aina nyingine: huyu mnyama ametoka msitu gani, nani kamleta, kalipwa nini, damu yake imekwenda wapi, karatasi hizi zitakaa kwa nani sisi tukiondoka. Mtu wa historia angeyauliza hayo. Mtu wa elimu ya wanyama angeyauliza kwa sababu zake.

Chuo kikuu kilikuja Kisangani mwaka 1963, Waprotestanti walipofungua Chuo Kikuu Huria cha Kongo. Mwaka uliofuata waasi wa Simba waliuteka mji, na mambo ya kutunza mafaili ya wakoloni hayakuwa ya kwanza katika akili ya mtu yeyote. Kisha ukaja mwaka 1971. Serikali ya Mobutu, iliyokuwa imechoshwa na maandamano ya wanafunzi, ilivikusanya vyuo vitatu vya nchi, Lovanium ya Kinshasa, cha Lubumbashi na hiki cha Kisangani, ikavifanya kimoja kwa jina la UNAZA. Chuo kilikuwa kimoja kwa jina tu, maana papo hapo vitivo viligawanywa kwa ramani. Fasihi, historia na sayansi za jamii vikapelekwa Lubumbashi. Sheria, uchumi na tiba vikabaki Kinshasa. Kisangani ikapewa zaidi saikolojia na elimu, pamoja na sayansi. Maprofesa walifunga vitabu vyao katika masanduku wakahama. Mpango huo ulidumu miaka kumi, hadi 1981 UNAZA ilipovunjwa na Kisangani ikawa chuo kinachojitegemea.

Tafakari maana yake. Mwanahistoria mwenye uwezo wa kusoma hifadhi za kikoloni yuko Lubumbashi. Daktari mwenye vipande vya miili ya wagonjwa wa zamani yuko Kinshasa. Mwanabiolojia anayeijua njia ya kwenda msituni yuko Kisangani. Kati ya Kisangani na Kinshasa peke yake kuna kilomita zipatazo 1,700 za mto. Mwaka 1981, huo huo ambao chuo chetu kilirudishiwa uhuru wake, madaktari wa Marekani walianza kuandika juu ya ugonjwa mpya unaomaliza kinga ya mwili. Swali la ugonjwa huo ulikotoka lingekuja kugonga mlango wa Kongo, nalo lilihitaji watu hawa watatu wakae meza moja.

Lakini aliyeugonga mlango huo kwa nguvu alikuwa mwandishi wa habari. Edward Hooper, Mwingereza aliyewahi kutangaza habari za Afrika Mashariki, alizunguka miaka mingi akihoji watu kwa mamia: wauguzi, madaktari wastaafu, wazee walioosha vyombo katika maabara ya Stanleyville. Wengine walikuwa wameanza kabla yake. Mwaka 1992 jarida la Marekani, Rolling Stone, lilichapisha makala ya Tom Curtis iliyouliza kama chanjo ya Koprowski ndiyo iliyoleta UKIMWI. Koprowski akaenda mahakamani, na jarida likatoa ufafanuzi. Kitabu cha Hooper, The River, kilitoka mwaka 1999, kurasa zaidi ya elfu moja. Hoja yake kwa ufupi: figo za sokwe wa Lindi zilitumika kukuzia chanjo, sokwe wale walikuwa na virusi vinavyofanana na vya UKIMWI, na hivyo sida, kama tunavyoiita huku, ikatoka Kisangani ikaingia vinywani mwa watu.

Lazima nimpe Hooper haki yake. Alifanya kazi ambayo sisi wenyeji tulipaswa kuifanya. Aliketi na wazee ambao hakuna profesa wa Kisangani aliyekuwa amewatembelea kwa shabaha hiyo, akawauliza majina, tarehe, nani alibeba kisanduku kipi kwenda uwanja wa ndege. Aliona kwamba ramani ya mahali chanjo ilikotolewa na ramani ya mahali ugonjwa ulikoonekana mapema zinalaliana. Ila ushahidi wa mzee anayekumbuka mambo ya miaka thelathini na mitano nyuma una mipaka yake, na ramani mbili kulaliana si sababu. Ukiwa na nyundo ya mahojiano pekee, utagonga msumari hadi ubao upasuke.

Na wale wa upande wa pili? Hapa ndipo kisa kinapowauma watu wa maabara. Wistar waliunda kamati ya wataalamu mwaka 1992. Kamati ilisema dhana hiyo haielekei kuwa kweli, lakini ikapendekeza sampuli ya zamani ya chanjo iliyobaki kwenye friji ipimwe. Vipimo havikufanyika kwa haraka. Miaka ilipita, karibu minane, friji imefungwa, na kila mwaka uliopita bila jibu ulikuwa zawadi kwa wenye shaka. Wanasayansi wengi waliliona jambo zima kuwa kelele za mwandishi. Kwa nini mtu wa virusi apoteze wiki nzima kumjibu mtu asiye na shahada ya virusi? Swali lilikuwa halali hata kama jibu lililopendekezwa lilikuwa baya, na hivyo vitu viwili havikutenganishwa na yeyote, upande huu wala ule.

Aliyejaribu kuvitenganisha alikuwa mzee mmoja wa Oxford. William Hamilton, aliyezaliwa mwaka 1936, alikuwa mmoja wa wanabiolojia wakubwa wa mageuzi ya viumbe wa karne ya 20. Maandishi yake ya mwaka 1964 ndiyo yaliyoeleza kwa hesabu kwa nini mnyama hujitoa mhanga kwa ajili ya ndugu zake. Hakuwa mtaalamu wa UKIMWI. Alikiandikia kitabu cha Hooper utangulizi, akaamini kwamba dhana ile inastahili kupimwa, na njia ya kuipima ilikuwa rahisi kuitamka: nenda kwenye msitu wa sokwe wa Kisangani, tafuta virusi vyao, uone kama ni mama wa virusi vya UKIMWI.

Alikuja kwa mara nyingine Januari 2000, akiwa na vijana wawili, Michael Worobey na Jeffrey Joy. Wakati gani wa kuja! Mji ulikuwa mikononi mwa waasi, askari wa Uganda na wa Rwanda wakitazamana barabarani. Walikwisha kupigana humu Agosti 1999, na Juni mwaka huo wa 2000 wangepigana siku sita na kuumwagia mji makombora zaidi ya 6,000. Msafara wa wageni waliokuwa wanatafuta mavi ya sokwe ulipita katikati ya hali hiyo.

Ndiyo, mavi. Kazi yenyewe ilihitaji kuamka kabla ya jua. Sokwe hujenga viota vipya kila jioni juu ya miti, na wakiamka hujisaidia kabla ya kuondoka. Mfuatiliaji anayejua msitu hutambua viota vya jana kwa majani ambayo hayajanyauka, hukaa mbali, husubiri, kisha huingia chini ya mti na kijiti na kichupa chenye dawa ya chumvi inayozuia kuoza. Bila mwindaji wa kijiji hakuna kiota. Bila kiota hakuna kichupa. Bila kichupa, mtaalamu wa jenetiki huko Marekani atabaki na mashine yake ya mamilioni ikiwa tupu. Hamilton alirudi Uingereza akiwa na malaria, akalazwa, na akafa London tarehe 7 Machi 2000, akiwa na umri wa miaka 63. Safari ile ilikuwa yake ya mwisho.

Mwanzoni matokeo hayakutosha. Kazi ikaendelea bila yeye, safari hii watu wa Kisangani wakiwa ndani yake kwa majina. Aprili 2004 jarida la Nature lilichapisha ukurasa mmoja. Miongoni mwa walioandika walikuwa Worobey na Joy, wataalamu wa virusi wa Marekani, wataalamu wa nasaba za virusi wa Uingereza, na watu wa Chuo Kikuu cha Kisangani kama Jean-Bosco Ndjango na Benoît Dhed'a. Dhed'a anajulikana zaidi kwa kazi yake juu ya ndizi. Nimelipenda sana jambo hilo: jibu la mojawapo ya mabishano makali ya tiba limebeba jina la mtu wa migomba, kwa sababu alikuwa mtu wa hapa, alijua nani wa kuongea naye, na hakusema hili si somo langu.

Jibu lenyewe lilitoka katika msitu wa Parisi, karibu na Kisangani. Virusi vya sokwe vilipatikana. Vilipowekwa kwenye mti wa nasaba vilikaa pamoja na virusi vya sokwe wa Gombe, Tanzania, ambavyo vilikuwa vimeelezwa miaka michache kabla, na vilikuwa mbali na virusi vya UKIMWI vilivyoenea duniani. Sokwe wa Lindi walitoka katika misitu ya huku. Kama virusi vyao si mzazi, basi chanjo haiwezi kuwa njia. Mapema, mwaka 2001, sampuli za zamani za chanjo zilikuwa zimepimwa hatimaye katika maabara mbalimbali: kulikuwa na alama za kima, hapakuwa na alama za sokwe, wala virusi vya UKIMWI. Mwaka 2006 mzazi halisi alionyeshwa: sokwe wa kusini-mashariki mwa Kamerun. Hooper hakukubali, na bado ameshikilia dhana yake. Nami nadhani kinachompa nguvu ya kushikilia si ushahidi bali ni ile miaka minane ya friji iliyofungwa.

Kukanusha, hata hivyo, hakujibu swali. Kama haikuwa chanjo, ilikuwa nini? Hapo ndipo mtu wa Kinshasa aliyekuwa na vipande vya miili alipohitajika. Daktari anapochukua kipande cha nyama ya mgonjwa kwa uchunguzi hukihifadhi ndani ya kitofali cha nta. Vitofali 27 vya namna hiyo, vya miaka ya 1958 hadi 1960, vilitolewa katika makabati ya Chuo Kikuu cha Kinshasa. Katika kimoja, tezi ya mwanamke iliyokatwa mwaka 1960, Worobey na wenzake, akiwamo Jean-Jacques Muyembe ambaye Wakongo wote wanamjua kwa Ebola, walikuta vipande vya virusi. Kulikuwa tayari na sampuli nyingine ya mji huo huo ya mwaka 1959. Virusi vya watu hao wawili, wa mji mmoja na karibu mwaka mmoja, vilitofautiana mno. Virusi hukosea vinapojinakili, na makosa hayo hujilimbikiza kwa mwendo unaoweza kukadiriwa. Tofauti kubwa namna ile ilitaka miongo kadhaa. Makala yao ya mwaka 2008 iliweka mwanzo wa ukoo huo mapema mwa karne ya 20, karibu mwaka 1908, pamoja na nafasi ya kukosea kwa miaka kama ishirini huku na huku. Chanjo ya CHAT ilikuwa bado nusu karne mbele.

Kisha akaja mtu wa hifadhi. Jacques Pépin, daktari wa Kanada aliyewahi kutibu wagonjwa Zaire, alichimba ripoti za kikoloni za reli, za kampeni za sindano, za idadi ya wanaume na wanawake mijini, akatoa kitabu chake mwaka 2011. Mwaka 2014, yeye na wataalamu wa jenetiki wakiongozwa na Nuno Faria wa Oxford walilaza vitu viwili juu ya kimoja: nasaba ya virusi na takwimu za usafiri wa Kongo ya Wabelgiji. Kitovu kilikuwa Kinshasa, karibu mwaka 1920. Kutoka huko virusi vilipanda treni kwenda Lubumbashi na Mbuji-Mayi; mwishoni mwa miaka ya 1940 watu zaidi ya milioni moja kwa mwaka walipitia Kinshasa kwa reli. Na kwetu? Kwetu vilipanda meli. Vilifika Kisangani kwa mto, kwa makadirio yao mwanzoni mwa miaka ya 1950. Yaani sida ilikuwa imeshushwa bandarini hapa, pamoja na chumvi na vitenge, kabla kizimba cha kwanza cha Lindi hakijajengwa.

Hesabu sasa gharama. Kutoka makala ya 1992 hadi ukurasa ule wa 2004 ni miaka kumi na miwili. Katika miaka hiyo jina la mji wetu lilizungushwa duniani kama chanzo cha msiba, na neno kwamba chanjo ya polio ina UKIMWI likapata miguu. Sidai kwamba kitabu cha Hooper ndicho kilichowasha moto wa kaskazini mwa Nigeria. Kule kulikuwa na sababu za kwao, za siasa na za machungu ya zamani. Lakini mwaka 2003 Kano iliposimamisha chanjo ya polio, uvumi wa UKIMWI ulikuwa mmoja wa waliopewa kiti. Polio ya Nigeria ikasambaa nchi baada ya nchi, na kufikia mwaka 2005 ikawa Yemen na Indonesia. Hata huku mkoani Tshopo, mama anapokataa tone la chanjo mlangoni mwake, asemacho si ujinga mtupu. Nyuma yake kuna kambi iliyokuwapo kweli, sokwe waliokufa kweli, na wazungu ambao hawakueleza.

Hilo ndilo naomba walimu na wanafunzi wa chuo walishike. Uvumi ule haukuzaliwa na watu wasiosoma. Ulizaliwa katika nafasi iliyoachwa wazi kati ya fani na fani. Watu wa virusi walikuwa na nusu ya ukweli wakaiita nzima. Mwandishi alikuwa na robo, akaijazia. Waliokuwa na robo zilizobaki, watu wa msitu, watu wa hifadhi, watu wa nta, hawakuitwa hadi mzee mmoja alipokwisha kufa.

Je, sisi tumebadilika? Niseme ninachokiona bila kumtaja mtu. Mwanafunzi wa biolojia akimpelekea msimamizi wake swali ambalo nusu yake ni historia ya kijiji, ataambiwa mara nyingi aipunguze nusu hiyo ili jopo lisimsumbue. Mwanafunzi wa historia akitaka kujua kwa nini kijiji fulani kilihamishwa wakati wa malale, yaani ugonjwa wa usingizi, hatavuka uwanja kwenda kumuuliza mtu wa tiba, kwa kuwa hamjui na kwa kuwa hatapata alama za ziada. Kila kitivo kina jopo lake, semina yake, hata mahali pake pa kunywea chai. Fedha zinapokuja kutoka Ulaya zikiwa na sharti la fani mbalimbali, majina hukusanywa haraka kwenye ukurasa wa mbele, na fedha zikiisha kila mtu hurudi kwake. Huo si ushirikiano. Ni kuazimana saini.

Wala si kwamba mkoa wetu haujui njia nyingine. Benoît Verhaegen, mwanasayansi wa jamii aliyefundisha hapa miaka ya UNAZA, alikusanya wenzake wakaandika historia ya Kisangani ya miaka mia moja, 1876 hadi 1976, wakati ambapo vitivo vya historia vilikuwa vimepelekwa mbali. Na tuna kisa cha tumbili wa Lomami, ambacho ni Lindi iliyopinduliwa. Juni 2007 watafiti waliokuwa na John na Terese Hart walifika Opala, wakamkuta mtoto wa tumbili wasiyemjua amefungwa nyumbani kwa mkuu wa shule ya msingi. Wenyeji walimwita lesula, na walikuwa wakimwita hivyo tangu zamani. Watafiti hawakukimbilia kutangaza. Aliyejua mifupa alipima fuvu, wa jenetiki alisoma damu, mwingine alirekodi mlio wa alfajiri na kuulinganisha na wa jamaa zake, na wafuatiliaji wa Kikongo walionyesha mahali anapoishi na mahali asipoishi. Miaka mitano ilipita. Septemba 2012 walichapisha, wakiwa kundi zima, na jina la kienyeji likabaki kuwa jina lake. Hadi leo hakuna aliyesimama kusema wamebuni.

Tofauti ya visa hivi viwili haiko katika akili za watu. Koprowski na Courtois hawakuwa wajinga. Kule Opala swali lilipewa watu kadhaa tangu siku ya kwanza, kila mmoja akiwa na haki ya kumwambia mwenzake hapo umekosea. Kule Lindi lilikuwa la watu wa aina moja, na walipoondoka likabaki halina mwenyewe.

Kuna kazi mbili ambazo haziwezi kungoja. Wale waliofanya kazi katika maabara ya Stanleyville wakiwa vijana, kama bado wapo, wamepita miaka themanini. Mtu wa historia na mtu wa biolojia waende kwao pamoja, si mmoja baada ya mwingine, maana kila mmoja peke yake atauliza nusu ya maswali. Ya pili ni makabati. Katika hospitali zetu, katika maabara, kule Yangambi ambako Wabelgiji waliacha miongo mingi ya majani makavu na vipimo vya mvua, kuna masanduku ambayo hakuna anayejua thamani yake kwa kuwa kila anayeyafungua ni wa fani moja. Kitofali cha nta cha mwaka 1960 kilionekana takataka hadi mtu wa fani nyingine alipokiomba. Kwa hiyo, mkuu wa kitivo unayesoma haya, kabla hujaamuru chumba cha nyuma kisafishwe, mwite kwanza jirani yako wa kitivo kingine aingie atazame.